Umepoa kiroho? Anza kutengeneza na watu. Tuliyoyaacha kwa wazee wa Uamsho

Mbuni wa Kagera (mleta uzi)

Bwana Yesu asifiwe wakuu. Ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Kuna nyuzi nyingi humu za watu wanaosema wamepoa. Mtu alikuwa moto, anaimba kwaya, anaamka usiku kuomba, sasa hata kufungua Biblia ni kujilazimisha. Akiomba anajiona anaongea peke yake. Ushauri anaopewa ni uleule kila siku: funga, nenda mkesha, hama kanisa, tafuta mtumishi akuwekee mikono. Kufunga nakuheshimu na mikesha nahudhuria. Lakini kuna jambo zito tumeliruka, na wazee wetu wa ukanda huu wa Maziwa Makuu walilijua vizuri sana. Anayetaka kurudi kwa Mungu anarudi kwanza kwa watu aliowakosea. Anatengeneza nao. Na mara nyingi kutengeneza kunagusa mfuko, ndiyo maana hatukupendi.

Nawasema wazee wa Uamsho wa Afrika Mashariki, wale Balokole, yaani "waliookoka" kwa Kiganda. Vijana wengi wamewasikia kwa jina tu, kwa hiyo niruhusuni nieleze kidogo.

Septemba 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, alitoka hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, akaenda Kampala akiwa hoi. Njaa kubwa ilikuwa imeipiga Rwanda, amezika watu wengi, na rohoni alijiona mkavu kabisa. Pale Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa idara ya afya. Wakakaa siku mbili wanasoma Biblia na kuomba. Jukwaa halikuwepo, spika hazikuwepo, bango la "usikose" halikuwepo. Mzungu na Mwafrika wanaomba pamoja kama ndugu, na huo ni wakati wa ukoloni, Mwafrika anapitia mlango wa nyuma.

Sehemu ninayoipenda inafuata. Kule Gahini wafanyakazi wa hospitali walikuwa hawaelewani. Yosiya Kinuka, aliyekuwa msaidizi mkuu wa hospitali, alikuwa amemchoka daktari na ameichoka kazi. Akaenda Kampala kumwona huyo huyo Nsibambi, akamweleza matatizo ya hospitali, moja baada ya jingine. Nsibambi akamsikiliza, halafu akamgeuzia: tatizo ni dhambi iliyo moyoni mwako wewe. Kinuka aliporudi Gahini alikuwa mtu mwingine, na yeye na Church, waliokuwa hawaivi, wakaja kuwa timu moja ya kuhubiri. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, akawa mwalimu palepale Gahini, akililia kanisa lizinduke usingizini, mpaka akafa kwa homa Januari 1936 akiwa bado kijana. Baada ya hapo moto haukuzuilika. Mwaka 1937 timu ilifika Kenya, na kabla miaka ya 1930 haijaisha ulikuwa umeshaingia huku kwetu Bukoba.

Walichokuwa wanakifanya hakikuwa na siri. Kila wiki wanakutana, kikundi kidogo, nyumbani kwa mtu au chini ya mti. Wanasoma neno. Halafu kila mmoja anasema yuko wapi na Bwana wiki hiyo, waziwazi. Wenyewe waliita kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Aliyekuwa na kitu cha watu alikirudisha: ng'ombe, majembe, vitu alivyochukua kazini. Aliyemchukia mtu alimfuata. Festo Kivengere alipookoka mwaka 1941 alipanda baiskeli, mwendo wa maili 50 hivi, kwenda kumwomba radhi Mzungu aliyekuwa akimchukia. Huyu ndiye aliyekuja kuwa mwalimu hapa kwetu Dodoma miaka ya 1940 na 1950, na mwaka 1972 akawekwa kuwa askofu wa Kigezi, Uganda.

Sasa nitoke kwenye historia nije kijijini kwetu.

Kwa wasio wa Kagera, butura ni kununua kahawa ikiwa bado mtini. Mwezi wa pili kahawa ni ya kijani, mama ana mgonjwa au mtoto karudishwa kwa ada. Anakuja mnunuzi, anahesabu miti, anatoa fedha kidogo, anaandika. Kahawa ikiiva inakuwa yake yote. Bei anayotoa iko chini mno ukilinganisha na ya msimu. Serikali imepiga marufuku, lakini shida haina marufuku, watu bado wanauza.

Katika ushirika wetu wa maombi alikuwepo mzee mmoja mnunuzi wa butura. Mzee wa kanisa, sadaka hakosi, Alhamisi ya ushirika hakosi. Lakini kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa anasali midomo tu. Siku moja ikasomwa Luka 19, habari za Zakayo. Mnaujua ule mstari: "na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Hakusema neno siku ile. Wiki iliyofuata akaja na daftari. Lile la kava gumu, kona zimeliwa, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani kuna majina ya majirani zetu, idadi ya miti, kiasi cha fedha, na mbele ya kila jina dole gumba la wino wa bluu. Akaliweka juu ya meza penye Biblia, akasema, hawa ndio wanaonizuia kuomba.

Ndugu hawakupiga makofi. Walimwambia asitoe ushuhuda kanisani mpaka amalize. Wakakaa naye kupiga hesabu: bei ya msimu ule, toa fedha aliyokwisha kutoa, inayobaki ni deni. Akapita nyumba kwa nyumba na mkewe na ndugu wawili. Pale alipoishiwa akauza ng'ombe. Bibi mmoja mjane alipokea fedha, akazihesabu mbele yake, akamwambia fedha nimepokea, kusamehe bado. Mzee akajibu, ni haki yako mama, akaondoka. Hakumbana amsamehe ili na yeye ajisikie vizuri.

Uamsho ninaouzungumzia ndio huo. Na yule mzee aliomba! Wale tuliokuwa vijana tulimsikia.

Tuje kwetu sasa, mwaka huu. Yohana Mbatizaji aliulizwa na makutano, tufanye nini basi? Luka 3 inanigusa kwa sababu hakumwambia mtu yeyote aende jangwani kukaa naye. Mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu. Mtoza ushuru asitoze zaidi ya alivyoamriwa. Askari asidhulumu mtu, asishitaki kwa uongo, atosheke na mshahara wake. Kila mtu alipewa jibu la mahali anapofanyia kazi. Akija leo atatukuta wapi? Sokoni kwenye lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu, mkulima analipwa gunia moja. Buchani kwenye mizani. Ofisini kwenye karatasi ya posho ya semina ambayo mtu amesaini na hakuhudhuria. Kwenye kikoba, mwanachama amekopa fedha za wenzake na sasa akiona simu ya mweka hazina hapokei, lakini Jumapili yuko mbele anaongoza sifa.

Na nyumbani. Hapa nitakaa kidogo. Dada wa kazi anaamka saa kumi na moja, anaandaa watoto, anafua, anapika, analala wa mwisho. Mshahara wake ni mdogo na bado unacheleweshwa, "ngoja mwezi ujao nikujumlishie". Mwezi ujao unajumlishwa na wa tatu. Kikombe kimevunjika, kinakatwa. Wakati wa ibada ya jioni anaambiwa aendelee na vyombo. Halafu mama mwenye nyumba, au baba, analalamika kwamba nyumba yetu haina upako. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na vilio vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Huyo binti akilia jikoni, Mungu anamsikia kabla ya kutusikia sebuleni. Mlipe. Mlipe na malimbikizo yote, mwombe radhi kwa jina lake, umkaribishe kwenye ibada. Naamini utaomba tofauti usiku huo.

Sisemi tunanunua wokovu kwa kulipa madeni. Damu ya Yesu ndiyo inayosafisha, na wazee walilihubiri hilo kuliko mtu yeyote. Zakayo hakulipa ili Yesu aingie nyumbani mwake. Yesu alikuwa ameshaingia. Ila aliyeingiliwa na Yesu mkono wake unafunguka, na usipofunguka tuna haki ya kujiuliza.

Karibuni tujadili.

---

Mama Wawili

Amina mleta uzi. Nimesoma sehemu ya dada wa kazi nikasimama. Sitaandika mengi hapa, nina mtu wa kuongea naye jikoni.

Swali langu ni la muda. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, narudi saa mbili usiku, watoto wamelala au wanasinzia. Huo ushirika wa kila wiki mnaupataje watu wa mjini? Nikisikia habari za wazee waliokaa siku mbili wanaomba natamani, lakini maisha yangu hayana siku mbili.

---

Mwalimu wa Zamu

Mama Wawili, nikujibu kwa tunavyofanya kwetu, si kwamba ndiyo sheria. Mimi na mke wangu tulikuwa na ibada ndefu ya jioni, watoto wanalala katikati, sisi tunakasirika. Tukaipunguza. Baada ya kula, vyombo vikiwa bado mezani, tunasoma mistari michache ya Injili, tunafuata kitabu kimoja mpaka kiishe. Halafu kila mmoja anasema kitu kimoja cha kushukuru na kimoja cha kuomba radhi kwa mtu aliyepo pale mezani. Dada wa kazi amekaa nasi, na yeye anasema.

Mwanzo watoto waliona aibu. Siku nilipomwomba radhi mwanangu wa darasa la nne kwa kumfokea asubuhi mbele ya wenzake, alinitazama sana. Tangu hapo naye akawa anasema yake, mpaka ya sukari aliyoila kwa siri. Yote hayachukui hata nusu saa. Maombi yenyewe ni mafupi, mtoto mdogo ndiye anafunga. Mwenye mume au mke asiyetaka anaweza kufanya na watoto, na aliye peke yake amtafute rafiki mmoja wa kweli wapigiane simu siku ileile kila wiki.

---

Mkatoliki Mdadisi

Milele amina. Uzi mzuri. Niongeze kwamba hili si geni kwetu. Katika sakramenti ya kitubio kuna malipizi, na katekisimu inafundisha wazi kwamba aliyeiba arudishe, aliyemchafulia mwenzake jina alisafishe. Padre akikuondolea dhambi hajakuondolea deni la jirani. Shida yetu ni kwamba wengi tunasali zile Salamu Maria tulizopewa, tunainuka, na kiwanja cha watu bado tumekikalia.

Lakini nina wasiwasi na kuungama hadharani. Kwetu ni siri kati yako, padre na Mungu, na siri hiyo inalinda watu. Kwenye hivyo vikundi mtu akisimama kusema alizini, aliyezini naye yuko wapi? Mume wa huyo mama je? Hapo mtu mmoja ametua mzigo, watano wameubeba.

---

Mbuni wa Kagera

Mkatoliki Mdadisi, umegusa penyewe, na historia iko upande wako. Uamsho ulipokuwa mchanga zilitokea vurugu kwa jambo hilo hilo. Watu walitaja majina ya wengine, ndoa ziliyumba, wachungaji walipigwa mawe ya maneno mbele ya washarika wao. Mwaka 1941 kule chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, wanafunzi wa Uamsho, William Nagenda akiwa mmoja wao, walifukuzwa baada ya kugongana na uongozi wa chuo. Si kila ugomvi ule ulikuwa wa kiroho, lazima tuseme.

Wazee waliotulea sisi walikuwa wamejifunza. Kanuni yao ilikuwa kwamba dhambi inaungamwa pale ilipofika. Uliyemkosea Mungu moyoni, mwambie Mungu. Uliyemkosea mtu mmoja, mfuate yeye. Ulilokosea mbele ya kanisa zima, liseme mbele ya kanisa. Na usitaje mtu wa tatu, kamwe. Mambo ya ndoa yalipelekwa kwa mzee mmoja na mkewe, wazee wenye vifua, na hayakutoka hapo. Ninyi mmelindwa na siri ya kitubio. Sisi Walutheri na Waanglikana tunahitaji watu wa namna hiyo, na tuwatafute kabla hatujaanza kufungua midomo.

---

Jirani wa Limuru

Bwana asifiwe kutoka Kenya. Nimelelewa na cucu, yaani bibi yangu, aliyekuwa wa ushirika, nataka kusema walivyolipia hii imani.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, ndugu wa Kikuyu walijikuta katikati. Wapiganaji wa Mau Mau walitaka kila mtu ale kiapo. Ndugu walikataa, wakisema wameshaingia agano la damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine. Serikali ya mkoloni nayo ilitaka wachukue bunduki za ulinzi. Wengi wao wakakataa hizo pia, kwa sababu hawakuwa tayari kumuua Mkikuyu mwenzao. Kwa hiyo walichukiwa huku na huku. Walipigwa, nyumba zikachomwa, wengine wakauawa. Cucu alisema usiku walikuwa wanalala nyumba moja, familia kadhaa, wanaimba polepole.

Kwa upande mwingine lazima niseme ukweli. Ushirika wa kwetu leo ni wa wazee watupu. Sisi vijana tulikimbia kwa sababu ya nywele, ya sketi, ya harusi yenye keki. Mtu alikuwa anachunguzwa mavazi kuliko anavyoulizwa kama analipa wafanyakazi wake. Mnavyosema turudi, turudi kwa lipi?

---

Mbuni wa Kagera

Asante sana jirani. Hayo ya cucu wako yaandike mahali yasipotee.

Kuhusu nywele na keki, nakubaliana nawe kabisa. Masharti yalizidi katika sehemu nyingi. Kule Uganda yalitokea makundi yaliyojitenga, mojawapo likawakazia watu mpaka kukopa kukawa dhambi. Moto ukishapungua watu wanabaki kulinda majivu, na majivu ni mavazi na mitindo. Turudi kwa lile la kwanza: watu wachache, Biblia imefunguliwa, ukweli unasemwa, mtu anainuka pale anakwenda kutengeneza. Sketi ya mtu haijawahi kumwibia jirani yake.

---

Ngara Mpakani

Shikamoni wakubwa wa uzi huu. Nasema kwa heshima lakini sitazunguka.

Mimi ni wa Ngara. Aprili 1994 nilikuwa mtoto. Tarehe 28 na 29 mwezi ule watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama siku moja, wakajaa kambi ya Benaco. Tulisikia mauaji ya kimbari yaliyotokea kule walikotoka. Mto Kagera ulileta miili, wazee wetu waliiona. Ntarama na Nyamata watu waliuawa ndani ya makanisa, na makanisa hayo leo ni makumbusho ya mauaji.

Mleta uzi unatuambia Uamsho ulianzia Gahini, Rwanda. Ni Rwanda hiyo hiyo. Nchi iliyobatizwa karibu yote, iliyojaa ushuhuda. Sasa hiyo toba ya kutengeneza ilikuwa wapi? Nakuuliza kwa sababu nataka kuamini unachosema.

---

Mbuni wa Kagera

Ngara Mpakani, nimekaa na swali lako tangu jana usiku. Sitalipaka rangi.

Kwanza, wapo walioshika imani yao mpaka mwisho. Tangu machafuko ya 1959 ndugu wengi wa Kitutsi walikimbilia Uganda, Burundi na huku kwetu, na wako ndugu wa Kihutu waliowaficha. Mwaka 1994 pia wapo waliokufa kwa kukataa kutengana na wenzao au kwa kufungua mlango usiku. Hao sitakubali wasahauliwe.

Lakini hawakuwa wengi wa kutosha, na viongozi wa makanisa, karibu madhehebu yote, walikuwa wamekaa karibu mno na serikali. Nikitazama nyuma naona hivi. Miaka ileile ya 1930 Uamsho ulipokuwa unawaka, Wabelgiji walikuwa wanawaandikia Wanyarwanda vitambulisho vya kabila. Mtu aliweza kutubu kwamba ameiba jembe, akalirudisha kwa machozi, na kile kitambulisho kikabaki mfukoni hakijaguswa na toba. Dhambi ya mkono wangu niliifahamu. Dhambi tuliyoifanya sisi kama kundi, tunayoifanya kwa sheria na kwa hotuba, sikuijua jina lake. Kwenye ushirika siasa ilionekana ni mambo ya dunia, tusiiguse. Haikuguswa, na ikaja kuwakuta ndani ya kanisa.

Si wote waliokaa kimya, hata hivyo. Janani Luwum wa Uganda alikuwa mtoto wa Uamsho, aliokoka mwaka 1948. Februari 1977, akiwa Askofu Mkuu, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua wakipinga mauaji na uonevu. Tarehe 16 mwezi huohuo akauawa. Kivengere akakimbia nchi na mkewe, na akiwa uhamishoni alisema hadharani kwamba amemsamehe Amin. Wanaume hawa walisema kweli kwa mtawala na bado hawakumchukia. Walijifunzia kwenye vikundi vile vile vya chini ya mti.

Kwa hiyo nikikaa kwenye ushirika leo nauliza pia yale tunayoyafanya pamoja. Huku Kagera watu wanaitwa wahamiaji kwa kutazamwa pua tu, wengine wamezaliwa hapa na babu zao wamezikwa hapa, na wapo wanaonyang'anywa mashamba kwa maneno hayo. Wajane wanafukuzwa kwenye kibanja, shamba la migomba la familia, na shemeji wanaosali safu ya mbele. Ushirika usiofika hapo haujafika. Umenisaidia kulisema ndugu yangu, nakushukuru.

---

Ngara Mpakani

Nimekupata. Hilo la pua nalijua, nimeulizwa uraia wangu mara nyingi kwenye basi la Biharamulo. Naendelea kusoma.

---

Fundi Bomba

Wakuu mimi naandika kwa jina la bandia na nashukuru lipo. Nilikuwa mtunza stoo kwenye kampuni moja ya ujenzi. Mabomba, koki, simenti, tulikuwa tunatoa tukishirikiana na dereva. Kiwanja changu kimetokana na hizo koki. Nimeokoka, nimeacha, sasa niko kazi nyingine. Kila nikisoma Biblia naona koki.

Nikienda kusema, wanaweza kunipeleka polisi. Nina watoto. Huyo dereva naye ana watoto na hajaokoka. Nifanye nini?

---

Mbuni wa Kagera

Fundi, pole, na hongera kwa kuliandika. Usijilazimishe leo usiku kwa sababu ya uzi wa mtandaoni.

Usiende peke yako. Tafuta mchungaji au mzee mwenye kifua, mweleze yote, mpigie naye hesabu kwa bei za wakati ule. Mkeo ajue, kwa sababu kiwanja ni chake pia. Dereva usimtaje kwa mwenye kampuni. Mfuate yeye mwenyewe kwanza, mwambie unachokwenda kufanya, ajipange. Sehemu yako iseme kama sehemu yako. Halafu mwende wawili, wewe na mchungaji, na fedha ya kuanzia mkononi pamoja na maandishi ya namna utakavyomalizia. Torati katika Hesabu 5 iliongeza sehemu ya tano juu ya kilichochukuliwa, nami ningekushauri uongeze kitu.

Siwezi kukuahidi kwamba atakuwa mpole. Wengine walisamehewa, wengine walipoteza kazi, na wako waliofungwa. Nakwambia hili kwa sababu wahubiri wengi watakuahidi kwamba ukitii kila mlango utafunguka. Kama kuna hofu ya kesi, mchungaji amwone kwanza wakili anayemwamini. Hilo si kukosa imani. Mimi na ushirika wangu tutakuombea, na ukikwama kwenye fedha ya kuanzia nitumie ujumbe wa faragha.

---

Mama Wawili

Nimerudi. Nimemlipa miezi yake yote jana, kwa M-Pesa mbele ya macho yake, akaona ujumbe umeingia. Alisema "asante mama" halafu akaniuliza kama namfukuza kazi. Hilo ndilo lililonitoa machozi. Kumbe kwake kulipwa yote kwa mara moja maana yake ni kuondoka. Nimemwambia hapana, na tumekubaliana tarehe ya mshahara na siku yake ya kupumzika. Jumapili hii ndiyo ya kwanza, anakwenda kwa shangazi yake.

---

Msomaji Kimya

Nimesoma uzi wote bila kuchangia, sasa nauliza. Baba yangu alikopa ng'ombe kwa rafiki yake miaka mingi iliyopita, hakulipa, wakafa wote wawili. Kwenye kifo chake baba alilitaja. Yule rafiki hakuacha mtoto. Deni hili ni la nani sasa?

---

Mbuni wa Kagera

Msomaji Kimya, soma hiyo Hesabu 5 mpaka mstari wa 8. Inazungumzia hali hiyo hiyo, mtu asiye na jamaa wa kulipwa. Inasema kile kilichorudishwa kinakuwa cha Bwana, kinakwenda kwa kuhani.

Lakini usikimbilie sadaka upesi. Asiye na mtoto huwa na dada, ana mtoto wa kaka, ana mjane aliyeolewa kwingine, au yule aliyemuuguza. Uliza kwa wazee wa kijiji chake na kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ukimpata mmoja, mpelekee ng'ombe, si fedha ya ng'ombe, na mwende na mtu wa ukoo wenu ili ijulikane kwamba ni deni la baba limelipwa, isije ikaonekana ni zawadi. Ukikosa kabisa, basi peleka thamani yake kwa mtu mhitaji wa kijiji kilekile alikoishi yule mzee, na kanisa la pale lijue sababu. Ndugu zako mkubaliane kwanza. Mkichangia wote itakuwa rahisi, na wakikataa, nunua hata ndama kwa nguvu zako.